Bafu la Mama Kesho

Mtaa mzima ulimwita Mama Kesho, ila si mbele yake. Mbele yake alikuwa "fundi" au "mama," na wateja walingoja wafike kona ndipo wacheke au wasonye, kutegemea ni mara ya ngapi wamerudi mikono mitupu. Alikuwa fundi cherehani, na hodari kweli. Nguo yake ilikukaa mwilini utadhani umezaliwa nayo. Tatizo ni kwamba uliipata siku aliyotaka yeye. Gauni la harusi lilimalizika maharusi wakiwa wameshaanza kugombana, na sare ya shule ilipokuwa tayari mtoto alikuwa ameshaizidi kimo. "Kesho," alikuwa akisema, pini tatu mdomoni, bila kuinua macho. "Bado vifungo tu. Njoo kesho."

Utauliza, kwa nini wateja wasichukue vitambaa vyao wakaenda kwingine? Hapo palikuwa na siri ya kazi, na siri hiyo alirithi kwa mama yake mzazi, aliyeshona miaka arobaini katika chumba kile kile cha mbele, kwenye dirisha lile lile linalotazama barabara. Mama alimwambia hivi: mteja akileta kitambaa, kikate siku hiyo hiyo. Usishone, kata tu. Kitambaa kizima kina miguu, kikishakatwa hakina pa kwenda, kwa maana hakuna fundi anayekubali kumalizia kazi ya mkasi wa mwenzake. Basi rafu za Mama Kesho zilijaa mikono isiyo na mabega na kola zisizo na shingo, na wenyewe walirudi kila wiki kama wagonjwa wa kliniki.

Sisemi haya kumsengenya. Nasema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekuja kuangukia mikononi mwa Fundi Milimita.

Yule mama mzazi kwa sasa aliishi kwa mwanawe mkubwa, kaka yake Mama Kesho, ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Alikuwa ameanguka, nyonga ikaumia, akatoka hospitali na mkongojo. Kaka na mkewe walimtunza vizuri, hilo hakuna aliyelalamikia, lakini ngazi ni ngazi. Tangu apandishwe juu hakuwahi kushuka. Miezi mitano alikaa dirishani akitazama mapaa ya watu, na siku moja akampigia binti yake simu.

"Nataka kufa nimekanyaga chini," alisema.

"Mama, usiseme hivyo."

"Basi nataka kuishi nimekanyaga chini. Chagua wewe."

Nyumba ya Mama Kesho haikuwa na ngazi hata moja. Kizuizi kilikuwa bafu. Mlangoni lilikuwa na kizingiti kirefu cha kufika kwenye muundi, choo chenyewe kilikuwa cha kuchuchumaa, na sakafu ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa kwa miaka mingi hadi ikawa laini kama sabuni. Mtu mwenye mkongojo angeingia humo mara moja tu. Ilibidi kizingiti kiondoke, kije choo cha kukaa, viwekwe vigae visivyoteleza na chuma cha kushikia ukutani. Mama Kesho alimpigia mama yake kumwambia kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi anahamia.

"Jumamosi ya kweli, au Jumamosi ya vifungo?"

"Ya kweli, mama."

"Haya. Nitafunga sanduku."

Fundi Milimita alikuja Jumatatu asubuhi. Jina hilo alijipa mwenyewe, kwa sababu kila alikoingia alitangaza kwamba yeye hakosei hata milimita moja. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye suruali ya mifuko mingi isiyokuwa na kitu. Kilichompendeza Mama Kesho ni pimamaji yake, ile fimbo ya chuma yenye vichupa vya maji, ambayo mwashi huilaza juu ya kazi ili kipovu kimwambie kama pako sawa au pameinama. Ilikuwa ya manjano, ndefu kama mkono, na aliibeba imefungwa kwenye kipande cha flana kama mtoto mchanga. Mtu anayetunza kifaa chake hivyo, alifikiri, huyu si wa kubahatisha.

Kisha akaanza kusikia nyundo. Aliendelea na cherehani mpaka akaona kishindo kimezidi, akainuka kwenda kutazama. Choo hakikuwapo tena. Kizingiti kilikuwa changarawe. Sakafu yote ilikuwa imeng'olewa, bomba limekatwa na kuzibwa kwa kitambaa, na Fundi Milimita alikuwa amesimama katikati ya vumbi akijifuta jasho kwa furaha.

"Yote leo leo?" aliuliza Mama Kesho, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Si ulisema utaanza na mlango?"

"Mama, mimi napenda kusafisha kwanza. Kazi inataka uwanja."

Amekata kitambaa, alijisemea. Huyu mtu amekata kitambaa siku ya kwanza. Sasa nitakwenda wapi, na bafu limelala chini vipande vipande? Kweli mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Na kama alivyokisia, kesho yake fundi hakuja. Keshokutwa pia hakuja. Mama Kesho alikuwa anakwenda kuoga kwa jirani, ndoo mkononi na taulo begani, akipita mbele ya wateja wake mwenyewe waliomtazama kwa huruma ya uongo. Fundi alipopokea simu alikuwa na maneno matamu. Mchanga haujafika. Mama Kesho aliujua mchanga huo, kwake uliitwa uzi wa rangi hii umeadimika. Gari limeharibika. Huo ulikuwa umeme umekatika. Nina msiba wa mbali kidogo. Hapo Mama Kesho alikaribia kucheka, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshamzika shangazi mmoja mara nne, na shangazi huyo yuko hai mpaka leo na ana meno yote.

Ndiyo maana hakumwamini hata kwa neno moja. Mtu mwaminifu angedanganywa akatulia, lakini mwizi haibiwi kwa ufunguo wake.

Fundi aliporudi, wiki ya pili, Mama Kesho alimkagua kuanzia kichwani kama anayetafuta uzi uliochomoka. Kwenye ncha ya kiatu aliona tone la rangi ya bluu. Nyumba yake yote haikuwa na kitu cha bluu, hata mlango.

"Una kazi nyingine," alisema.

"Mimi? Mama, hii rangi ya zamani."

"Ya zamani, na imepaka ukuta wangu ulipoegemeza mguu?"

Fundi alitazama ukuta, akatazama kiatu, akasema kwamba haraka haraka haina baraka, na mvumilivu hula mbivu. Mama Kesho alimwambia kwamba mbivu nyingine huoza mtu akizivumilia. Akarudi kwenye cherehani, lakini tangu siku hiyo aliugeuza mkao wake. Alikaa akiupa mgongo mwanga wa dirishani, jambo ambalo fundi cherehani yeyote atakwambia ni wazimu, ili aone korido.

Aliona mengi. Aliona kwamba fundi akiondoka aliacha bafuni karai na mwiko, vimepangwa vizuri juu ya mfuko wa saruji, ili mwenye nyumba aamini kwamba kazi inaendelea. Yeye naye huacha gauni la mtu chini ya sindano kwa wiki mbili ili mwenyewe akichungulia aone limeshikwa. Alikwenda kulikagua karai, akalikuta limetoboka. Mwiko haukuwa na mpini. Fundi hakuwa ameacha kitu cha kumrudisha. Pimamaji aliondoka nayo kila siku ndani ya flana yake.

Isipokuwa Ijumaa moja. Simu ililia, fundi akajibu kwa kunong'ona, "nakuja, nakuja, si nimesema nipo njiani," akatoka mbio. Pimamaji ikabaki imeegemea ukuta wa koridoni.

Mama Kesho aliiona. Aliendelea kushona pindo moja mpaka mwisho, akakata uzi, akainuka.

Lazima nieleze kilichompitia kichwani, maana hakuwa mwizi. Miaka mingi nyuma mteja mmoja, mwanamke mnene mpole, alichoka kuambiwa kesho. Akainua mkasi mkubwa wa Mama Kesho mezani, akautia kwenye mkoba na kusema, "Nguo yangu ikiisha, mkasi utarudi." Nguo ilikwisha jioni ile ile, na vifungo juu. Somo hilo Mama Kesho hakulisahau. Fundi humfungi kwa maneno, humfungi kwa machozi. Mfunge kwa kifaa chake.

Aliichukua pimamaji akaipeleka kabatini, rafu ya juu ambayo mteja haruhusiwi kuifikia, akaisukuma chini ya nguo saba zilizokunjwa ambazo hazikuwa za mteja yeyote. Akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akautia kifuani.

Kesho yake, Jumamosi, fundi alifika saa moja asubuhi. Hajawahi kufika saa moja tangu aanze! Mama Kesho alijipongeza moyoni. Alimsikia akiingia koridoni, akisimama, akisogeza mifuko, akiinua karai na kulishusha. Halafu akaja mlangoni pa chumba cha kushonea.

"Mama, jana hukuona kitu hapa?"

"Kitu gani?"

Fundi alimtazama Mama Kesho, naye Mama Kesho akaitazama sindano. "Ah, basi," alisema fundi. "Hakuna kitu."

Hakuna kitu! Mama Kesho alingoja aulize tena, ili amwambie maneno yake aliyoyapanga, kwamba bafu likiisha kifaa kitarudi. Fundi hakuuliza. Badala yake alifanya kazi. Siku hiyo, Jumapili, Jumatatu na Jumanne alikuja mapema na kutoka jioni, akilaza vigae vya kijivu kimoja kimoja. Mara nyingine alilala kifudifudi sakafuni, jicho moja amelifumba, akitazama mstari wa vigae kama mtu anayelenga bunduki. Mbwembwe za mafundi, alijisemea Mama Kesho, na yeye pia huwa anarudi nyuma hatua tatu na kuinamisha kichwa mteja akiwa anatazama. Alijiona mshindi. Kama fundi angerudi kwenye rangi ya bluu, pimamaji ingebaki. Kama angemaliza, angempa, na kicheko juu.

Alhamisi fundi alimwita aje aone. Bafu lilipendeza, sitasema uongo. Kizingiti hakuna, choo cha kukaa kinang'aa, vigae vimepangika. Fundi alisimama pembeni amekunja mikono, akingoja sifa.

Lakini Mama Kesho hakuwahi kuhukumu nguo kwa nje. Nguo igeuze, utazame mshono ulivyo ndani. Alileta ndoo ya maji akaimwaga katikati ya sakafu.

Maji yalitulia kidogo, kama yanayofikiri. Halafu yakalipa kisogo tundu la kutolea maji, yakaanza kwenda mlangoni, taratibu, yakatoka koridoni na kuelekea chumba cha pili, kile kilichotandikwa kitanda cha mama.

"Fundi," alisema Mama Kesho. "Yanakwenda wapi?"

"Hayo maji mapya, mama. Hayajazoea."

"Maji hayajazoea nini?"

"Vigae vikiwa vipya vina mafuta ya kiwandani. Baada ya wiki yanajua njia."

Mama Kesho alivua kastabini kidoleni, akapiga magoti na kuanza kugonga vigae kwa ncha yake ya chuma. Kimoja kiliita vizuri. Cha pili kililia kama kopo tupu. Chini yake hapakuwa na saruji ya kutosha, palikuwa na hewa. Alitoa chaki ya kuchorea nguo akatia alama ya msalaba. Alipofika ukutani alikuwa ametia misalaba kumi na saba, na fundi alikuwa ameshachukua kofia yake. "Jumamosi, mama. Jumamosi asubuhi narekebisha yote, na chuma cha ukutani nafunga," alisema akiwa nje ya mlango tayari.

Mama angeingia bafuni humo na mkongojo wake, akoge, akitoka maji yamemtangulia mpaka kitandani. Angekanyaga hapo koridoni kwenye unyevu, na nyonga ile ile. Mama Kesho alikaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona mpaka saa tano usiku. Ijumaa, siku moja kabla ya mama kuhamia, alimpigia simu.

"Mama, fundi bado. Tusogeze kidogo. Wiki ijayo."

Upande wa pili kiti kilivutwa, mama akakaa.

"Mama, kimebaki kidogo tu—"

"Mwanangu," alisema mama, na sauti haikuwa ya hasira, hilo ndilo lililouma. "Neno hilo nilikufundisha mimi. Kimebaki kidogo, njoo wiki ijayo. Unakumbuka nilikwambia nini kingine? Kitambaa unachokipenda unakishona siku hiyo hiyo. Kinachongoja kesho ni kile usichokitaka. Sema tu kwamba hunitaki, nijue moja."

"Mama, bafu kweli limevunjwa!"

Simu ilikuwa imeshakatwa. Jioni kaka alimpigia akiwa amechoka. "Umemfanya nini mama? Ameniambia nilifungue sanduku. Tangu Jumanne lilikuwa mlangoni."

Mama Kesho alilia, mkono mmoja juu ya gurudumu la cherehani. Miaka yote hiyo aliwaambia watu kesho na hakuna hata mmoja aliyemwamini, na hakujali. Leo alisema kweli, na aliyekataa kuamini ni mtu pekee ambaye yeye alitaka amwamini. Alimlaani Fundi Milimita, ukoo wake na viatu vyake vya bluu.

Jumamosi fundi alikuja kama alivyoahidi, akaanza kutoboa ukuta kwa ajili ya chuma cha kushikia, vigae vyenye misalaba akiviruka kama madimbwi. Saa tatu teksi ikasimama nje. Kaka alishuka, shati limelowa mgongoni, kwani yeye na dereva walikuwa wamembeba mama kwenye kiti kushuka ghorofa tatu. Mama aliteremka nyuma yake, mdogo kuliko alivyokuwa, mkongojo mkono wa kulia, na akasimama kidogo kwenye ardhi akiikandamiza kwa soli kama anayejaribu kiatu dukani.

"Sijahamia," alimwambia binti yake kabla ya salamu. "Nimekuja kuona kama hilo bafu lipo."

Akaingia. Alipita chumba chake cha zamani cha kushonea bila kukigeukia, akafika mlangoni pa bafu. Fundi alisimama wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Milimita? Mwaga maji."

Yalimwagwa. Yalikwenda mlangoni. Mama aliyatazama yakipita kati ya miguu yake na kufika kwenye viatu vya kaka. Akagonga kigae kwa mkongojo, akakisikiliza, akagonga kingine.

"Pimamaji yako iko wapi?" aliuliza.

Fundi aliinama kuokota nyundo.

"Nimewahi kujenga, usinione hivi. Chumba hiki nilikijenga mimi. Mwashi halazi sakafu bila pimamaji. Yako iko wapi?"

"Ilipotea, mama." Fundi alimtazama Mama Kesho, haraka, kisha akatazama nyundo yake. "Niliiacha hapa koridoni, Ijumaa ya wiki iliyopita. Nilivyorudi haikuwapo. Nikaona, nikiuliza sana nitakuwa namwita mwenye nyumba mwizi. Basi nikatumia jicho."

"Si ungeazima ya mwenzako?" alisema kaka.

"Niazime? Mimi, Milimita?" Fundi alionekana kuumia kweli. "Wote wangejua. Ningecheka na nani tena?"

Basi hapo Mama Kesho alikuwa na njia nyepesi, na aliiona. Ufunguo ulikuwa kifuani. Lawama zote zilikuwa kwa fundi, aliyekwisha kubomoa, kutoroka na kudanganya, na mama alikuwa ameliona bafu kwa macho yake. Kunyamaza tu kungetosha. Angalau nyumbani kwake angebaki msafi. Lakini maji yale yalikuwa yamefika chumbani kwa mama, na yeye alijua sasa nani aliyeyaonyesha njia.

"Ninayo mimi," alisema.

Alikwenda kabatini, wote wakimfuata hadi chumba cha kushonea. Akafungua, akainua mkono rafu ya juu, akaivuta. Pimamaji ilitoka na kona yake imenasa nguo, nguo ikakunjuka na kuanguka sakafuni.

Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akafuta vichupa kwa kiganja. Mama hakuitazama. Alimtazama binti yake.

"Kumbe," alisema.

"Mama, nilitaka arudi! Alikuwa ananikimbia, nikasema nimshike kwa—"

"Kumbe ni wewe. Fundi wa watu amelaumiwa bure. Ulificha kifaa ili kazi isiishe." Aligeuka kwa shida, akimtafuta mwanawe mkubwa kwa macho. "Kikulacho ki nguoni mwako. Nirudishe, baba. Ghorofani hakuna anayenificha kitu."

Hatua ya pili mkongojo ulikanyaga kitambaa. Mama alisimama. Katika chumba kile, miaka arobaini, nguo haikuwahi kuachwa sakafuni. Alikuwa amewahi kumchapa binti yake kwa hilo.

"Nguo ya mteja chini?"

"Si ya mteja," alisema Mama Kesho.

"Ya nani?"

Kaka aliinama akaiokota, akampa mama. Lilikuwa gauni la pamba, pana, linalofunguka mbele kuanzia shingoni hadi kwenye pindo ili mvaaji asihitaji kuinua mikono. Mikono yenyewe ilikuwa mipana. Mfuko ulikuwa mmoja, upande wa kushoto. Mama aliuangalia mfuko huo muda mrefu, halafu akautazama mkono wake wa kulia ulioshika mkongojo.

Akakaa kwenye kiti cha cherehani bila kukaribishwa. Aliligeuza gauni ndani nje, kama alivyokuwa akifanya kila jioni alipokagua kazi za binti yake. Alitafuta bandi, zile nyuzi ndefu za kushikiza ambazo Mama Kesho huziacha na kusema atazitoa kesho. Hazikuwapo. Alipitisha kidole kwenye mshono wa bega, akauvuta, haukulegea. Mwisho akahesabu vifungo kwa sauti ndogo, kimoja baada ya kingine, mpaka tisa.

"Yako mangapi?" aliuliza.

"Saba. Moja kwa kila siku."

"Umeyamaliza lini?"

"Kabla fundi hajaja, mama. Wiki uliyonipigia simu."

Mama alipangusa vumbi la sakafuni kwenye pindo, akalikunja gauni juu ya mapaja yake na kuliwekea mkono juu. Koridoni Fundi Milimita alikuwa ameshalaza pimamaji juu ya vigae, akikitazama kipovu kilivyokimbilia upande mmoja, na akisema peke yake, "Ala! Ala!"

"Fundi," mama aliita. "Fumua sakafu yote. Hiyo pimamaji usiondoke nayo hapa mpaka maji yaende yanakotakiwa. Na huyu hataificha tena, nitakuwa nimekaa hapa namwangalia. Nawaangalia wote wawili."

"Lakini mama," alisema kaka, "bafu hakuna. Utaoga wapi? Na sanduku si ulisema nilifungue?"

"Nilisema. Nani aliona likifunguliwa?" Mama alikuwa ameshaanza kufungua kifungo cha kwanza cha gauni. "Nilimwomba dereva alishushe, liko kwenye buti la teksi. Kalilete, na njiani umwombe jirani beseni."